Kila mtu anakwambia "shukuru tu", ila hakuna anayekwambia unashukuru vipi

Ukiwa na shida kuna maneno mawili utayasikia mpaka uyachoke. Umeachishwa kazi, shukuru tu una afya. Umeumwa, shukuru tu uko hai. Mtoto wa mwisho kahama nyumbani na kimya kimekujaa masikioni, shukuru tu wamekua salama. Na anayekwambia wala hana ubaya, anataka akunyanyue hapo ulipokaa, lakini kinachotokea ni kwamba unabaki na mizigo miwili badala ya mmoja, una shida yako ya mwanzo na sasa unajisikia vibaya pia kwamba eti hushukuru. Afu ukiingia mtandaoni unakuta huyu anasema andika vitu vitatu kila usiku maisha yatageuka, yule anamjibu hayo mambo ni ya watu wenye hela, na wote wanabishana kama vile neno lenyewe linaeleweka. Mi naona halieleweki, na ndo maana nimekaa niandike hii.

Tuanze na lugha maana yenyewe imechangia huu mkanganyiko. "Kushukuru" kwetu linafanya kazi nyingi mno. Umepewa kitu unasema ahsante, hiyo ni adabu. Mtu anakuuliza hali unajibu "nashukuru" na usiku mzima hukulala, hiyo ni salamu tu, hakuna anayeihesabu. Jambo limeharibika na halirekebishiki mtu anasema "basi tushukuru", hapo anamaanisha kubali yaishe. Yote hayo ni sawa kwa nafasi yake ila siyo ninayoiongelea. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Robert Emmons, ambaye amelichimba hili jambo kwa miaka mingi, anaigawa shukrani vipande viwili na mimi sijaona mgao rahisi kuliko huo: kwanza unakiri kwamba kuna kitu kizuri kimo kwenye maisha yako, pili unaona kwamba hicho kitu, angalau kwa sehemu, kimetoka nje ya wewe. Kimetoka kwa mtu, kwa Mungu, kwa bahati, kwa watu usiowajua waliofanya kazi yao vizuri. Kipande cha kwanza peke yake ni furaha. Kikiongezewa cha pili ndo kinakuwa shukrani.

Neema basi ni hicho kitu chenyewe, na neema za kila siku ni zile ambazo hakuna aliyewahi kukupigia simu kukupongeza kwa kuwa nazo. Hakuna anayepongezwa kwa kupumua kwa pua zote mbili.

Halafu kuna majirani wa shukrani ambao watu wanawachanganya nayo. Kuridhika ni kusema inatosha. Kuvumilia ni kubeba kitu kizito bila kukitua. Unaweza kabisa ukaishukuru kazi uliyonayo na jioni hiyohiyo ukakaa unatuma maombi ya nyingine, hakuna mgongano wowote hapo, umeshukuru ila hujaridhika. Na kuna mtu ameridhika kweli lakini hashukuru, anaona vyote ni jasho lake peke yake na alistahili tangu zamani. Sasa ukiambiwa "shukuru" mara nyingi mwenzako anamaanisha "ridhika" au "vumilia", na ndo maana neno linauma.

Sasa swali la maana: kama neema zipo, kwanini hatuzioni? Jibu fupi ni kwamba tunazoea. Jibu refu kidogo ni hili. Hapo ulipo umevaa nguo, zinakugusa mabegani, kiunoni, magotini, na mpaka umeisoma hii sentensi ulikuwa huzisikii kabisa. Manukato uliyojipulizia asubuhi wewe huyasikii tena ila anayekupita anayasikia. Friji inavuma siku nzima, unakuja kujua ilikuwa inavuma pale inaponyamaza. Mwaka 1804 daktari mmoja wa Uswisi, Ignaz Troxler, aliona kwamba ukikazia macho nukta moja bila kuyahamisha, vitu vya pembeni vinaanza kufifia mpaka vinapotea, na vipo palepale. Jaribu hata sasa hivi. Ndivyo tulivyoumbwa, mwili haupotezi nguvu kuripoti kitu ambacho hakijabadilika, unaripoti mabadiliko, kwa sababu kilichobadilika ndicho kinachoweza kukudhuru au kukufaa.

Na moyo unafanya hivyohivyo. Mwaka 1971 wanasaikolojia wawili, Philip Brickman na Donald Campbell, wakaifananisha hali hii na kukimbia kwenye mashine ya mazoezi, ile yenye mkanda unaozunguka, unakimbia unatoka jasho na uko palepale. Umepata simu mpya, wiki ya kwanza unaifuta kwa ncha ya shati, mwezi wa tatu unairusha kitandani. Hivyo siyo roho mbaya wala malezi mabovu, ndo kichwa kinavyofanya kazi, na mi nadhani mtu akijua hivyo tu nusu ya zile lawama za "sina shukrani mimi" zinaondoka.

Ongeza na hili la pili: mabaya yana sauti kubwa kuliko mazuri. Mwaka 2001 Roy Baumeister na wenzake walikusanya tafiti nyingi za aina tofautitofauti na hitimisho lao likawa ni hilo, kwamba baya lina uzito zaidi, matusi kuliko sifa, kupoteza kuliko kupata. Hakuna haja ya utafiti lakini, ni nani asiyejua, watu kumi wamekusifia kazi yako na mmoja kaikosoa, usiku unalala na nani? Na yule mmoja.

Kwa hiyo kwa maumbile yetu zuri likikaa linafutika, baya likikaa linapiga kelele. Shukrani ni kazi ya kupanda mlima, haiji yenyewe. Ukiona mtu kwake inakuja yenyewe jua ameifanyia mazoezi kwa muda mrefu au ametoka kwenye jambo zito hivi karibuni.

Hapo kwenye jambo zito kuna hadithi moja inazunguka sana na inazunguka ikiwa imepinda. Utasikia "utafiti umeonyesha walioshinda bahati nasibu na waliopooza kwa ajali baada ya muda wana furaha sawa". Huo utafiti upo, ni wa huyohuyo Brickman na wenzake, mwaka 1978, washindi 22, waliopata ajali 29, na watu wengine 22 wa kulinganisha nao. Ila haukusema hivyo! Waliopooza walijiweka chini kwenye furaha kuliko wenzao, kwa kipimo cha mpaka 5 wao walipata 2.96 na wale wa kulinganisha 3.82. Washindi walipata 4.00, ambayo haikutofautiana kwa maana na hao wa kawaida. Kinachonivutia mimi kwenye huo utafiti ni kingine kabisa ambacho hakisimuliwi: waliulizwa pia kuhusu vitu vidogo, kuongea na rafiki, kusikia kichekesho kizuri, kusifiwa, kusoma jarida, na washindi wa bahati nasibu ndo walionja utamu mdogo kwenye hivyo vitu kuliko watu wa kawaida. Yaani ile hela kubwa ilikuwa kama taa kali, ikawafifishia taa ndogo zote za nyumbani.

Na siyo kila kitu kinazoeleka, hili nalo lisemwe. Utafiti mmoja mkubwa wa Ujerumani uliowafuatilia watu zaidi ya elfu 24 kwa miaka 15 ulionyesha waliopoteza kazi hawakurudi kikamilifu pale walipokuwa, hata walipopata kazi nyingine. Kuna vidonda vinaacha kovu. Kwa hiyo ukimwambia mtu "utazoea" siku ile amepoteza, kwa kweli huna uhakika, na yeye anajua huna.

Sasa tufike kwenye mabadiliko ya maisha ambayo ndo kiini. Maisha yakibadilika yanafanya mambo mawili kwa wakati mmoja, yanaondoa na yanafunua. Tunaongelea sana kuondoa. Hili la kufunua ngoja nilieleze kwa kidole changu.

Mwaka jana nilibanwa na mlango wa gari, kidole gumba cha mkono wa kulia, kikavunjika, kikafungwa kisisogee wiki sita. Kidole kimoja tu. Sikuwahi katika maisha yangu kukaa nikasema namshukuru Mungu kwa kidole gumba, na ndani ya saa 24 nikawa nimegundua kumbe karibu kila kitu kinapita hapo. Kugeuza ufunguo, kukamua dawa ya meno, zipu, kufungua chupa ya maji, kuandika meseji, kushika kalamu, kufunga kamba za viatu. Vifungo vya shati ndo viliniua kabisa, ule mzunguko mdogo wa kukipitisha kifungo kwenye tundu hauwezekani kwa vidole vinne jamani, nilijaribu dakika kumi nikiwa nimechelewa kazini mpaka nikataka kulia. Mwanangu wa miaka minane akaniona mlangoni, akaja akasimama mbele yangu kama fundi, "baba simama vizuri basi", ulimi umetoka pembeni ya mdomo kwa kukazana, akavifunga vyote, akaruka kimoja, shati likapanda upande mmoja, na nilienda nalo hivyohivyo kazini.

Sikushukuru kuvunjika kidole, tuelewane. Kile kilikuwa kitu kibaya na kinauma hasa usiku. Ila kuvunjika kulikuwa ndo ile friji kunyamaza. Kwa mara ya kwanza nilisikia mvumo uliokuwepo miaka yote, na tena nilimwona mtoto kwa umbali ule ambao kwa kawaida simwoni maana asubuhi tunapishana tu kila mmoja anatafuta soksi zake.

Hapo ndo kuna kosa moja wengi wanalifanya maisha yakigeuka, wanaendelea kutumia orodha ya zamani. Kila mtu ana orodha ya neema kichwani hata kama hajaiandika, na ile orodha ina tarehe. Mtu amestaafu, orodha yake bado imejaa vitu vya kazini, wenzake, kuheshimiwa, kuwa na pa kwenda asubuhi, sasa akiambiwa hesabu neema zako anahesabu zilizoondoka, anamaliza akiwa na huzuni kuliko alipoanza. Aliyefiwa vilevile. Aliyepata mtoto mchanga anatafuta ule usingizi wake na uhuru wake, haupo, wakati ambapo neema mpya iko kifuani inapumua kwa sauti ya paka. Aliyezeeka anahesabu ngazi alizokuwa anapanda mbio. Orodha imepitwa na wakati, inabidi iandikwe upya, na mwanzoni itakuwa fupi na ya aibu. "Leo nimeoga peke yangu" kwa mtu aliyetoka upasuaji ni neema nzito kuliko gari aliyoinunua mwaka juzi.

Na kabla ya kuiandika mpya mtu ana haki ya kuomboleza ile ya zamani. Hivi viwili vinakaa pamoja. Unaweza ukalia na kushukuru siku moja, dakika moja hata, kwenye msiba watu wanalia kwa kumkosa marehemu na wanacheka kwa kukumbuka vituko vyake, na hakuna anayewauliza chagueni moja.

Njia ya kuiandika je? Hapa ushauri wa mtandaoni siyo uongo ila umekatwa nusu. Mwaka 2003 Emmons na Michael McCullough waliwagawa wanafunzi makundi, mara moja kwa wiki kwa kama wiki 10, wengine waandike mpaka vitu vitano vya kushukuru, wengine kero zao, wengine matukio tu yaliyotokea. Walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao vizuri zaidi na hata mazoezi walifanya zaidi kuliko wa kero. Kwenye sehemu nyingine ya utafiti huo walichukua watu 65 wenye magonjwa ya misuli na neva, siku 21, na wale wa shukrani wakaripoti kulala vizuri zaidi. Ugonjwa ulikuwepo palepale, ila usingizi ulikuwa bora.

Kilichokatwa ni hiki. Tafiti nyingi zilizofuata zikijumlishwa pamoja, faida ipo lakini ni ndogo, hasa kwa watu wenye sonona au wasiwasi mkali. Kwa hiyo mtu mwenye sonona anahitaji daktari au mshauri, siyo daftari, na anayemwambia "wewe andika tu vitu vitatu" anamdanganya. Na lingine, Sonja Lyubomirsky na wenzake waliwaambia watu wengine wahesabu neema mara tatu kwa wiki na wengine mara moja, waliofaidika ni wa mara moja. Ukifikiria inaeleweka, kuzoea kunakula hata orodha yenyewe! Ukiandika kila usiku "afya, familia, amani, afya, familia, amani" siku ya tisa huandiki tena, unajaza fomu.

Kwa hiyo dogo na mahususi linashinda kubwa na la jumla. "Familia" halina picha. "Dada kapiga simu kuuliza kidole, akasahau kilichomfanya apige tukaongea saa nzima" hilo lina picha, na picha ndo inayogusa.

Kuna na njia nyingine ambayo naipenda kuliko kuandika, ya kutoa badala ya kujumlisha. Minkyung Koo na wenzake mwaka 2008 waliwaambia watu wengine waeleze walivyokutana na wenza wao, na wengine waeleze ingekuwaje wasingekutana kabisa, kama usingeenda pale siku ile, kama yule rafiki asingekuita. Waliofikiria kutokukutana ndo waliotoka wakiwa na furaha zaidi na mahusiano yao. Ukiiangalia vizuri hii ndo friji ileile, unaizima kwa dakika moja kichwani badala ya kusubiri izimike kweli. Ila kwa aliyefiwa juzi usimpe hili zoezi, kwake imeshazimwa.

Kuna imani mbili tatu za kuzitoa njiani. Ya kwanza ni ya kujilinganisha na waliokosa, "kuna mwenzako hana miguu we unalalamika viatu". Mi hii siipendi, nasema wazi. Inachofanya ni kukupa nafuu kwa kutumia maumivu ya mtu mwingine kama dawa, na nafuu hiyo inaisha ukikutana na aliyekuzidi. Halafu kwenye ule mgao wa Emmons haipiti hata kipande cha kwanza, umeangalia alichokosa mwingine badala ya ulichonacho wewe.

Ya pili, kwamba mwenye shukrani hadai haki yake. Hii inatumika vibaya sana na wenye nguvu, bosi anakwambia "shukuru una kazi" mwezi wa tatu mshahara haujatoka. Hapo Kiswahili kina neno zuri kuliko lugha nyingi, kusimanga. Mtu akikupa kitu kisha kila siku anakukumbusha, hicho kitu kinageuka deni, na deni na shukrani havifanani hata kwa sura. Mwenye deni anamkwepa aliyempa, akimwona mbali anavuka barabara. Mwenye shukrani anamtafuta. Ukijikuta unamkwepa mtu unayeambiwa umshukuru, usijilaumu haraka, chunguza kwanza kama hukusimangwa.

Ya tatu, kwamba kumwambia mtu ahsante ya dhati ni aibu, atashangaa, ataona unataka kukopa. Amit Kumar na Nicholas Epley mwaka 2018 waliwafanya watu waandike barua za shukrani na wakisie aliyepokea atajisikiaje, kisha wakawauliza wapokeaji wenyewe. Waandishi walidhani itakuwa na aibu kuliko ilivyokuwa, na walikadiria chini furaha ya mpokeaji. Kumbe sisi wote tumekaa na ahsante mfukoni tunaogopa kuzitoa na wenye nazo wanazisubiri. Kipande kile cha pili cha shukrani, cha "kimetoka nje ya mimi", hapa ndo kinapopata kazi.

Kidole changu kimeshapona. Kuna ugumu kidogo asubuhi kukiwa na baridi, ila kinafungua, kinakamua, kinaandika, hii yote nimeiandika kwenye simu kwa gumba hilohilo. Na ningependa kuwaambia kwamba tangu pale kila asubuhi nikifunga shati nasimama nashukuru. Nilifanya hivyo kama wiki mbili. Wiki iliyopita nimefunga shati huku nasoma meseji kwenye simu niliyoiegemeza kwenye kioo, nikachukua mkoba, nafika mlangoni yule bwana mdogo kanitazama kuanzia chini mpaka juu, akaanza kucheka, "baba, na wewe umeruka kifungo".